Tulicheka Neno, Tukasahau Kisiwa

Mwezi wa Aprili mwaka 2008 liliingia neno jipya barazani petu, nasi tukalipokea kwa kicheko. Magazeti yalikuwa yameshuka na boti kutoka Dar es Salaam, kahawa ilikuwa imoto, na mzee mmoja mwenye sauti nzuri akawa anatusomea kama ilivyokuwa ada yake. Alipolifikia neno "vijisenti" alisita, akalirudia, kisha akashindwa kuendelea kwa kucheka. Baraza zima likaangua kicheko. Kijana aliyekuwa akitugawia kahawa peke yake ndiye hakucheka. Aliuliza: "Na hiyo Jersey ni wapi?" Mmoja wetu akamjibu, "Ulaya huko," na mazungumzo yakarudi kwenye neno.

Habari yenyewe msomaji wa makamo ataikumbuka. Gazeti la Uingereza lilikuwa limeandika kwamba wachunguzi wa nchi hiyo, katika kufuatilia biashara ya rada iliyouzwa Tanzania, wamekuta zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti ya benki huko Jersey, na kwamba akaunti hiyo ni ya Andrew Chenge. Bwana huyo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hadi 2005, na wakati habari inatoka alikuwa Waziri wa Miundombinu. Waandishi walipomwuliza juu ya fedha hizo, aliziita vijisenti. Baada ya siku chache alijiuzulu uwaziri. Alikana kuwa fedha hizo zina uhusiano wowote na rada, na hakuwahi kushitakiwa kwa jambo hilo. Insha hii basi haikukusudia kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Imekusudia kutuhukumu sisi tuliocheka, na mimi nikiwa wa mwanzo wao.

Kwani mimi nilifanya zaidi ya kucheka. Nilitunga shairi la beti kumi na mbili, lenye kituo kinachorudia neno lile, na nikalisoma mbele za watu nikapigiwa makofi. Hivi karibuni nililitoa kwenye daftari nikalisoma tena kwa macho ya uzee unaokaribia. Vina vimekaa, mizani imetimia. Lakini katika beti zote kumi na mbili neno Jersey halimo hata mara moja. Nilikuwa nimelishika neno lililosemwa, nikaliacha jambo lililofichwa. Miaka iliyofuata nimejaribu kujifunza, kwa kusoma peke yangu kama nilivyojifunza kila nilichojifunza, kile nilichokiacha nje ya shairi.

Nianze na neno, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa maneno. Kiswahili kina njia ya kupunguza kitu kwa kiambishi tu. Mtoto huwa kitoto, na akidharauliwa zaidi huwa kijitoto. Senti tayari ni sarafu ndogo kuliko zote. Kuifanya kisenti ni kuipunguza kilichokwisha kupungua, na kuifanya kijisenti ni kuitupa kabisa. Wanasarufi watanikosoa, lakini sikio la mtunzi husikia jambo jingine ndani ya neno hilo: ile "ji" iliyokaa katikati ndiyo hiyohiyo tunayoisikia katika jitu, joka na jumba. Neno limevaa udogo kwa nje na limeficha ukubwa kwa ndani. Sidhani kama msemaji alikusudia hivyo. Lugha hutoa siri za watu pasi na idhini yao.

Wala halikuwa neno la kwanza la aina hiyo. Kenya wana "kitu kidogo", ambacho humaliza mishahara ya watu wakubwa na wadogo. Tanzania mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", neno zuri la Kiarabu lenye maana ya kumkirimu na kumheshimu mgeni. Kwa neno hilo mgombea aliweza kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura bila kuitwa mtoa hongo, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Na lipo neno "fisadi" lenyewe. Wazee wetu wa pwani walilitumia zaidi kwa mwanamume anayeharibu wanawake wa watu, mvunja nyumba za wenziwe. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya viongozi kumi na mmoja aliowatuhumu, nao waliotajwa wakakana. Tangu msimu ule neno fisadi likahama chumbani likahamia hazina, na leo mtoto wa skuli halijui kwa maana nyingine.

Maneno haya yote, ya kuficha na ya kufichua, yana upungufu mmoja. Yanamtazama mtu: tamaa yake, dharau yake, tumbo lake. Hayatazami mitambo. Fedha haikai Jersey kwa sababu mtu ana tamaa. Tamaa iko kila mahali, na Jersey iko mahali pamoja.

Mitambo hiyo ilianza kujengwa Uswisi. Mwezi wa Oktoba 1932 polisi wa Ufaransa walivamia ofisi ya benki moja ya Basel iliyokuwa Paris, wakakuta orodha ya Wafaransa zaidi ya elfu moja walioficha mali zao kukwepa kodi. Walikuwamo maseneta, majenerali na maaskofu. Mbunge mmoja akasimama Bungeni akataja majina. Wateja wa benki za Uswisi wakaingiwa na hofu. Tarehe 8 Novemba 1934 Uswisi ilipitisha sheria ya mabenki ambayo kifungu chake cha 47 kilifanya kutoa siri ya mteja kuwa kosa la jinai. Baada ya vita kuu ikaenezwa hadithi kwamba sheria ile ilitungwa ili kuzilinda mali za Mayahudi dhidi ya serikali ya Hitler. Wanahistoria wameichunguza hadithi hiyo wakaikataa. Sheria ilitungwa kuwalinda wenye benki, na hadithi ikatungwa baadaye kuilinda sheria. Angalia basi, msomaji: hata siri inahitaji mtunzi.

Kutoka milimani siri ikashuka baharini, na hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi watu wa visiwa kuliko tulivyodhani. Katika miaka ya 1950 na 1960 bendera za Uingereza zilikuwa zikiteremshwa: Tanganyika 1961, Jamaica 1962, Zanzibar na Kenya Disemba 1963. Mwanahistoria Vanessa Ogle, katika makala yake ya mwaka 2020, ameonyesha kwamba mwisho wa ukoloni ulikuwa pia tukio la fedha. Walowezi na makampuni yaliyoziogopa serikali mpya za Afrika na Asia waliuza walivyokuwa navyo na kuzihamisha fedha zao, na nyingi hazikurudi makwao zikatozwe kodi. Zilitafuta mahali pa katikati, palipo chini ya bendera wanayoiamini lakini nje ya mkono wa mtoza kodi. Sisi tulikesha tukitazama bendera ikishuka. Nani kati yetu aliyekuwa akitazama hawala za benki?

Mahali pa katikati pakapatikana. Visiwa vya Cayman, vilivyokuwa chini ya Jamaica, vilichagua mwaka 1962 kubaki na Uingereza, na mwaka 1967 vikapata sheria ya kuweka mali kwa siri mikononi mwa wadhamini. Mwaka 1976 meneja wa benki moja ya huko alikabidhiwa hati ya mahakama ya Marekani akiwa uwanja wa ndege wa Miami, akitakiwa kutoa ushahidi juu ya wateja wake. Cayman ikajibu mwaka huohuo kwa sheria iliyofanya kutoa siri kuwa kosa la jinai. Visiwa vya Virgin vya Uingereza vilitunga mwaka 1984 sheria ya makampuni ya kimataifa, ambayo ilimwezesha mtu asiyewahi kukanyaga huko kuandikisha kampuni isiyofanya lolote huko. Jirani zetu wa Ushelisheli, wanaotazamana nasi katika bahari hii moja, waliiga mwaka 1994. Mwaka uliofuata walipitisha sheria ambayo hadi leo nikiisoma habari zake hujiuliza kama nimeelewa: aliyewekeza dola milioni 10 aliahidiwa kutoshitakiwa kwa makosa aliyoyatenda kwingine na mali yake kutotaifishwa. Dunia ilipiga kelele, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 2000.

Na Jersey? Kijana wa kahawa alistahili jibu, nami nilichelewa kulitafuta. Jersey ni kisiwa kilicho katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, karibu zaidi na Ufaransa, kiasi cha kilomita 22 tu kutoka ufukwe wa Normandy. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 118 hivi, maana yake Unguja yetu ingeimeza zaidi ya mara kumi. Watu wake ni kama laki moja. Hakimo ndani ya Ufalme wa Muungano, bali ni milki ya Taji la Uingereza yenye baraza lake, sheria zake na kodi zake. Kilijulikana kwa ng'ombe wa maziwa na viazi. Sheria ya kale ilikataza riba kupita asilimia 5, na ilipofutwa mwaka 1962 mabenki yakaanza kushuka kama ndege juu ya dagaa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria yake ya udhamini wa mali.

Hapo kwenye neno "udhamini" niruhusu nisimame, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokwama. Miaka kadhaa baada ya kicheko chetu nililetewa nyaraka za kutafsiri, na ndani yake lilikuwamo neno hili la sheria ya Kiingereza. Kamusi iliniambia: amana. Nikaandika amana. Usiku sikulala vizuri, nikaamka nikalifuta.

Amana ninayoijua mimi ni hii. Nahodha anasafiri na msimu, anamwachia jirani yake kisanduku. Jirani anakijua ni cha nani, mke wa nahodha anajua kiko wapi, na wakiwapo mashahidi ndiyo bora zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu jambo ambalo mtu wa juujuu angeliona dogo: kuandika deni, na kuweka mashahidi. Wakfu nao, wa kisima au wa nyumba, humtaja mwenye kutoa na wenye kunufaika. Amana yetu husitiri mali isiibwe. Haimsitiri mwenye mali asijulikane.

Ile ya Jersey inaanzia mahali palepale, kwa mtu anayeondoka na kumwachia rafiki mali yake, na Waingereza wenyewe wanasimulia habari za wapiganaji wa vita vya msalaba walioacha mashamba yao kwa namna hiyo. Lakini imefika pengine kabisa. Kitendawili, msomaji. Tega. Nyumba ina watu watatu, ukimwuliza kila mmoja kama ni yake, anaapa si yake, na wote wanasema kweli. Jibu lake ni hilo. Aliyetoa mali anasema: nimekwisha kuitoa, si yangu. Mdhamini anasema: nimeishika tu kwa ajili ya mwingine, si yangu. Mnufaika anasema: sijapewa bado, si yangu. Mtoza kodi anakuja, mdai anakuja, mpelelezi anakuja, na kila mmoja anakuta mlango uliofunguliwa na chumba kitupu. Wako wanaoitumia kwa haki, kumlinda yatima au mgonjwa, na hao wapo wengi. Lakini kufuli halimjui mwizi na mwenye nyumba.

Sasa turudi kwenye rada, tuone kufuli linavyofanya kazi. Mkataba wake ulitiwa saini Septemba 1999, kwa bei ya karibu dola milioni 40, na muuzaji alikuwa kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems. Disemba 2001 serikali ya Tony Blair ilitoa kibali cha kuisafirisha, ingawa waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imekamilisha masharti ya kusamehewa sehemu ya madeni yake kwa kuwa ni nchi maskini mno. Wataalamu wa usafiri wa anga walisema bei ni kubwa kupita kiasi na chombo chenyewe hakifai vizuri kwa ndege za abiria.

Baina ya mwaka 2000 na 2005 yalilipwa malipo ya uwakala yapatayo dola milioni 12.4. Katika kila dola kumi za bei ya rada, tatu na ushei zilikwenda kwa uwakala. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo haikulipwa na BAE kwa jina lake. Ililipwa na kampuni iitwayo Red Diamond, iliyoanzishwa na BAE katika Visiwa vya Virgin, kwenda kwa kampuni ya wakala iitwayo Envers, iliyoandikishwa Panama. Kampuni ya kisiwa kimoja ikailipa kampuni ya shingo ya nchi baina ya bahari mbili. Fedha ya mlipa kodi wa Tanzania ikasafiri safari ambayo mlipa kodi mwenyewe hataisafiri maishani, bila pasi na bila kuulizwa inakwenda wapi.

Tarehe 21 Disemba 2010 kesi ilifika mbele ya Jaji Bean katika Mahakama ya Southwark, London. Msomaji atadhani: hapo sasa siri imefika mwisho wake. La. Kampuni na waendesha mashitaka walikuwa wamekwisha kupatana. BAE ilikiri kosa moja tu: kutotunza ipasavyo vitabu vyake vya hesabu. Neno rushwa halikuwamo katika shitaka, na kwa mapatano hayo jaji hakuwa na uwezo wa kulitia. Alisema kwa uchungu ulio wazi kwamba ingekuwa ni ujinga mkubwa kuamini kuwa wakala yule alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba ulikuwapo uwezekano mkubwa sehemu ya fedha hizo kutumika kuipendelea katika mazungumzo ya mkataba. Kutumika vipi, kwa nani, kiasi gani, haikusemwa. Faini ilikuwa pauni 500,000. Pauni milioni 29.5 zikatolewa kwa ajili ya watu wa Tanzania, na mwaka 2012 zikaelekezwa kwenye vitabu, miongozo ya walimu na madawati ya skuli za msingi.

Nilifurahi kwa ajili ya watoto, nasema kweli. Lakini nikafikiri. Mtoto aliyeketi juu ya dawati lile akajifunza kujumlisha na kutoa, anaweza kukokotoa kila kitu katika habari hii isipokuwa jambo moja: nani alilipwa. Mahakama yenye kanzu na nywele za bandia, yenye ushahidi uliokusanywa miaka sita, ilimaliza kazi yake na swali hilo likabaki pale lilipokuwa. Siri haikuvunjwa, ililipiwa. Na ndiyo maana nasema tulikosea kucheka neno tukasahau kisiwa. Tulidhani aibu ikimpata mtu mambo yamekwisha. Aibu ilimpata mtu, na mitambo haikukosa usingizi hata usiku mmoja.

Asije mtu akadhani kwamba yote haya ni kazi ya visiwa vya wenyewe. Siri hufumwa nyumbani pia, kwa ukili wa nyumbani. Katika mwaka wa fedha 2005/06 Benki Kuu ya Tanzania ililipa shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, maarufu kwa jina la EPA, kwa makampuni 22, na wakaguzi wakakuta nyaraka za kughushi. Gavana aliondolewa Januari 2008. Kubwa ya makampuni hayo iliitwa Kagoda. Iliandikishwa Septemba 2005 na ikalipwa zaidi ya dola milioni 30. Ilikuwa na jina, ilikuwa na hati, ilikuwa na mhuri. Haikuwa na uso. "Kagoda ni nani?" likawa swali la nchi nzima, likaulizwa Bungeni na vijiweni. Agosti 2008 Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba waliochukua fedha za EPA wazirudishe hadi tarehe 31 Oktoba, na watakaoshindwa washitakiwe. Wengine walirudisha, na baadhi ya waliohusika na makampuni mengine wakafikishwa mahakamani. Wenye Kagoda hawakupandishwa kizimbani, na swali la nchi nzima halijajibiwa na mahakama yoyote.

Linganisha na habari ya Kenya. Mwaka 2016 kampuni iitwayo Windward Trading ilisimama mbele ya Mahakama ya Kifalme ya Jersey ikakiri makosa manne ya kutakasa fedha zilizotokana na rushwa katika shirika la umeme la Kenya. Kampuni ilisimama, nasema, lakini kampuni haina miguu. Mtu wa karatasi alikiri, mtu wa karatasi akanyang'anywa zaidi ya pauni milioni 3, na mwaka 2022 Jersey na Kenya wakaandikiana kuzirudisha. Ni jambo jema, na kisiwa kile kistahiki sifa yake pale kinapoistahiki. Walakini hesabu miaka: fedha zilipita huko kabla ya mwaka 2002, na zikarudi miaka ishirini baadaye. Mtoto aliyezaliwa gizani mwaka ule kwa kukosa umeme alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Je, hakuna kilichobadilika? Kimebadilika. Mwaka 2016 nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya mawakili ya Mossack Fonseca ya Panama zilifika mikononi mwa waandishi, zikataja makampuni zaidi ya 214,000, na zaidi ya nusu yake yalikuwa ya Visiwa vya Virgin. Uingereza ilianza mwaka huohuo kuweka daftari la wenye makampuni halisi, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Uswisi ilianza mwaka 2018 kupelekeana habari za akaunti na nchi nyingine. Kenya na Tanzania zote mbili, tangu 2020, zina sheria zinazoitaka kampuni iseme mmiliki wake halisi ni nani. Lakini kamba hii huvutwa pande mbili. Kifungu cha 47 cha Uswisi bado kipo, na tangu 2015 kinaweza kumshika hata mwandishi wa habari. Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuwafungulia watu wote madaftari hayo kunaingilia mno faragha ya wenye mali, na nchi kadhaa zikayafunga upesi. Na daftari la kwetu linafunguliwa na maofisa, halifunguliwi na mimi na wewe.

Faragha ni jambo la heshima, nasi watu wa pwani tunaijua thamani yake. Nyumba zetu zina ukumbi wa wageni na zina ndani. Hatumwulizi mtu ana kiasi gani sandukuni. Lakini stara hiyo tuliipa nyumba ya mtu mwenye jina, anayesalimiwa njiani, ambaye akidaiwa hujulikana pa kufuatwa. Hatukuwahi kumpa stara mtu wa karatasi. Mtu wa karatasi haoni haya, haugui, hafi, hazikwi, wala hana jirani. Kumvisha buibui ya faragha ni kuifanyia dhihaka buibui.

Nyaraka zile za tafsiri mwishowe nilizirudisha bila ya neno amana. Niliandika "mali iliyowekwa mikononi mwa mwingine", maneno mengi mahali pa moja, na mwenye kazi akalalamika kwamba ni marefu. Nilimwambia kwamba neno fupi tunalo, lakini lina kazi nyingine.

Shairi langu la mwaka 2008 nimejaribu kuliongezea ubeti wa kumi na tatu, na bado haujakaa. Jersey ni neno gumu kwa vina vyetu. Kijana wa kahawa sasa ana duka lake na watoto wawili wanaosoma, na wiki iliyopita nilimpitia nikamkumbusha swali lake. Alikuwa amekwisha kulisahau. Nilimweleza kisiwa kilipo, ukubwa wake, na jinsi kampuni ya kisiwa kimoja inavyoilipa kampuni ya nchi nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipima mchele wa mteja. Kisha akaniuliza swali ambalo sisi wazee wa baraza tungeliuliza siku ileile, lau tungenyamaza kucheka kidogo: "Sasa mwenyewe nani?"